UZI: Kwa nini moto wa Kilimanjaro huwaka juu ya mawingu na kuuacha msitu wa chini?

mgumu_wa_marangu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mwaka ikifika Septemba na Oktoba, nikiamka naangalia mlima kabla hata sijanawa uso. Natafuta moshi. Nimebeba mizigo ya wageni njia ya Marangu miaka tisa, na Oktoba 2020 nilikuwa kati ya mamia ya watu waliopanda kuzima ule moto. Kuanzia siku ile kila nikikaa na watu wanauliza kitu kimoja: nani aliwasha? Taarifa ya awali ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilisema ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wanapasha chakula cha wageni. Sawa. Mimi ni mgumu, ndivyo tunavyoitwa wapagazi, najua jiko la mlimani lilivyo, na sitetei uzembe wa mtu.

Ila swali linaloninyima usingizi ni jingine. Majiko huwashwa mlimani mwaka mzima. Kwa nini cheche ile ya Whona, kituo cha kupumzikia kati ya kambi za Mandara na Horombo, Jumapili ya tarehe 11 Oktoba, ilipata nguvu ya kula karibu kilomita za mraba 95, na msitu mkubwa wa chini yake ukabaki kijani kwa sehemu kubwa? Na miaka miwili baadaye, tarehe 21 Oktoba 2022, moto mwingine ukaanza karibu na kambi ya Karanga, huko kwenye mita 4,000 hivi. Mwezi uleule, na tena juu ya msitu. Nimekaa na hili muda mrefu, nimeuliza askari wa hifadhi na wazee, nimesoma nilichoweza. Naweka hapa ninachokijua, nanyi mjazie.

Ukitoka geti la Marangu mpaka Mandara, mita 2,720, unatembea ndani ya maji. Majani yanadondosha, magome yamevaa kijani, buti halikauki. Upande wa kusini mvua nyingi kuliko zote hunyesha karibu mita 2,200. Ukizidi kupanda, mvua inapungua. Ukifika Horombo, mita 3,720, asubuhi nyingi unasimama kwenye jua kali na mawingu yako chini ya miguu yako yametandazwa kama pamba. Wageni wanafurahi, wanapiga picha. Sasa fikirini maana yake kwa mimea iliyo pale juu: yale mawingu ndiyo maji, na yamesimama chini yao. Kiangazi kikiwa kirefu na mawingu yakakaa chini siku nyingi mfululizo, kule juu ni jua, upepo na hewa kavu inayonyonya kila kitu. Midomo ya wagumu hupasuka kule hata kama kuna baridi ya kuganda. Jani nalo linapasuka vilevile.

Halafu angalieni ni mimea gani inaishi pale. Kuna erika, ile miti na vichaka vya majani membamba kama sindano, yenye matawi mengi makavu ndani na ndevu za kijivu zinazoning'inia. Mti wa namna hii ni kama mtu amekupangia vijiti vya kuwashia jiko na kuacha nafasi hewa ipite katikati. Chini yake kuna nyasi za mafungu, na yale maua makavu meupe ambayo hata ukiyachuma hayanyauki. Na kuna zile senesio kubwa zinazofanana na migomba iliyovaa koti: majani yake yakifa hayaanguki, yanabaki kwenye shina kulikinga na baridi ya usiku. Koti hilo linalozuia barafu ndilo linaloshika moto kwanza.

Kwenye msitu wa chini, moto ukijaribu kuingia unakutana na kivuli, majani mapana yaliyojaa maji na ardhi iliyolowa. Unafuka, unakufa. Sisemi hauungui kabisa. Ukame ukizidi, hata ule huungua pembezoni. Lakini Oktoba ya kawaida, kabla vuli haijashuka, ukanda unaosubiri cheche ni ule wa erika.

Nitaendelea na habari ya mwinuko na upepo. Nimechoka kuandika kwa simu.

Binti Machame

Nasoma kwa makini kaka yangu, endelea. Mama alinisimulia kuwa usiku ule wa 2020 walikaa nje wote, mlima una mstari mwekundu kama shanga. Watoto walilia.

mgumu_wa_marangu

Dada, mstari ule ulivyoonekana kutoka chini ulipendeza kwa mbali. Kwa karibu una sauti. Erika ikiwaka inalia kama mvua ya mawe juu ya bati.

Naendelea. Moto hupenda kupanda. Kila mtu aliyekoka kuni anajua, kijiti ukikishika ncha inayowaka ikiwa chini kitakufikia vidole haraka, ukiigeuza juu kitajizimia. Mlima ni kijiti hicho. Ndimi za moto kwenye mteremko zinalalia mimea ya mbele yake, na hewa ya moto inayopanda inaikausha kabla moto haujafika. Moto unapofika, chakula chake kimeshaiva. Kuna kanuni ya McArthur wa Australia ambayo wazimamoto wengi huitumia kukadiria: kila mwinuko ukiongezeka nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda huongezeka takriban mara mbili. Kwa hiyo nyuzi 20 ni mara nne ya tambarare, nyuzi 30 ni mara nane. Mwanadamu naye kadiri mwinuko unavyozidi ndivyo anavyopungua mwendo. Tena kule juu hewa ni nyepesi, pumzi inakatika.

Siku ya tatu tulikuwa kikosi cha watu kama ishirini, na matawi mabichi, mapanga na majembe. Mbele yetu palikuwa na korongo, na moto uko chini yake, mdogo, unafuka tu. Vijana wawili wakasema tukate kupitia korongoni tuufikie upesi. Askari mmoja mtu mzima akakataa kata kata. Akasema, "Hilo ni bomba la jiko." Tukakaa juu ya mgongo wa mlima, tumekasirika, tunaona tunapoteza muda. Haikupita nusu saa upepo wa mchana ukaingia kwenye lile korongo kutoka chini, na kile kimoshi kikawa ukuta. Ulipanda korongo lote kwa muda ambao mtu angefunga kamba za buti zote mbili. Nilimshika mkono yule mzee baadaye, sikuweza kusema neno.

Tangu siku hiyo nikiona korongo naliona kama alivyoliona yeye. Kuta mbili zinarushiana joto, na upepo hauna pa kwenda isipokuwa juu.

Mwl wa Jiografia

Mleta uzi, umeeleza vizuri. Niongeze kuhusu upepo wa mlimani maana ndio wanafunzi wangu wanauchanganya.

Mchana jua linapiga miteremko, hewa iliyoigusa ardhi inapata joto, inakuwa nyepesi, inapanda. Ndiyo maana mawingu hupanda mlima kuanzia saa nne, saa tano asubuhi. Usiku ardhi inapoa haraka, hewa iliyo juu yake inakuwa nzito, inateremka mabondeni kama maji. Kwa hiyo moto wa mlimani una zamu mbili. Mchana unapanda kwa kasi. Usiku na alfajiri unapoa, unaweza hata kugeuka na kushuka polepole, na unyevu wa hewani unaongezeka, umande unatua. Saa za kuushika ni hizo. Saa ya hatari ni pale zamu zinapobadilishana, kwa sababu hujui dakika ipi upepo utageuka.

Juu ya hiyo ongeza pepo kubwa za majira. Kusi ikivuma, upande wa kusini na kusini mashariki ndio unaolowa. Upande wa kaskazini na magharibi umefichwa na mlima wenyewe, hewa inayofika kule imeshamwaga maji yake njiani. Mlima mmoja, lakini upande huu na ule ni kama nchi mbili tofauti. Ndiyo maana sura ya nchi, mimea na hali ya hewa huwezi kuvifundisha kama sura tatu za kitabu. Sura ya nchi ndiyo inayoamua mvua inyeshe wapi, mvua inaamua kiote nini, na kilichoota kinaamua moto uweje.

Nanyuki Baridi

Mlima Kenya ni vivyo hivyo. Huku kwetu magharibi na kaskazini ni pakavu kuliko Chogoria na Meru, na mioto ya huku juu huja sana Februari na Machi, kabla mvua ya masika. Ule wa Machi 2012 ulichoma eneo kubwa sana la nyika ya juu. Nyasi za mafungu zikikauka hata nyayo za mtu unasikia zinavunjika.

Nyuki Sikonge

Wakuu, naheshimu mlima wenu, lakini naomba tusifanye moto kuwa shetani kila mahali. Mimi ni mfuga nyuki, babu yangu alirina asali kwa mizinga ya magome katika misitu hii ya miombo ya Tabora. Miombo imekua na moto. Tatizo ni moto wa lini.

Ukichoma Mei au Juni mwanzoni, nyasi bado zina ubichi, asubuhi zina umande. Moto unatembea chini, unafika magotini, unaacha viraka vya ubichi, miche mingi inapona. Viraka vilivyoungua vinakuwa kizuizi kwa moto utakaokuja baadaye. Ukiacha mpaka Septemba, Oktoba, nyasi zimekuwa ndefu kuliko mtu na zimekauka kama karatasi, na miombo imeshaangusha majani yake yote chini. Moto wa hapo unafika kwenye matawi. Na mbaya zaidi, huo ndio wakati miombo inatoa majani mapya mekundu na maua hata kabla mvua haijaanza. Moto ukipita hapo umenichomea asali ya mwaka mzima ingali kwenye maua.

Sasa naomba mnijibu bila kunung'unika. Kwa nini huko mlimani msichome mapema kama sisi, mkapunguza makavu kabla ya Oktoba?

mgumu_wa_marangu

Mkuu wa Sikonge, swali zuri, na hata kule juu wakati tunapumzika tuliliuliza. Nilivyoelewa mimi, kuna mambo yanayotutofautisha.

Nyasi zenu zinaungua na mwezi wa kumi na mbili zimerudi. Mti wa miombo una gome nene na mizizi inayochipua. Erika inaweza kuchipua tena kutoka kwenye kisiki, lakini hukua taratibu mno kwenye baridi ile. Inahitaji miaka mingi bila moto ili iwe msitu wa miti mirefu. Ikichomwa mara moja inarudi vichaka. Ikichomwa tena kabla haijakomaa, vichaka navyo vinapungua, nyasi zinachukua nafasi. Na nyasi zinakauka upesi kuliko kichaka, kwa hiyo moto unaofuata unakuja mapema zaidi. Kuna sehemu wazee wanakumbuka zilikuwa msitu wa erika wa kutembea kivulini, leo unaona mpaka kilele cha Mawenzi bila kizuizi.

Halafu kuna mboji. Miaka mingi ya majani na mizizi isiyooza kwa sababu ya baridi imelala chini, mahali pengine kina cha mkono. Moto ukiingia humo hauonekani. Tulizima sehemu, tukamwagia udongo, tukaondoka tukijipongeza. Siku ya pili yake moshi uleule, hatua chache mbele. Unafukuta chini kwa chini kwenye mizizi, upepo wa mchana ukija unaibuka. Moto huo huupigi na tawi, lazima uchimbe mpaka udongo mtupu, au usubiri mvua ya kweli. Kuchoma mapema mahali kama hapo ni kuwasha kitu usichoweza kuhakikisha kimezimika.

Na mwinuko, ambao ninyi tambarare hamna.

Nyuki Sikonge

Nimeelewa, asante. Hilo la mboji sikulijua. Huku moto ukipita umepita.

Kivu Missoula

Habari ndugu zangu. Mimi ni Mkongomani, niliishi kambi ya Nyarugusu miaka mingi, sasa familia yetu iko Missoula, Montana, Marekani. Niliposoma habari ya lile korongo nilitetemeka, kwa sababu huku wana historia hiyohiyo na imeandikwa kwa damu.

Tarehe 5 Agosti 1949, vijana wa kikosi kinachoruka na miavuli kuzima moto walipanda ndege hapa Missoula. Vijana 15 waliruka kwenye bonde linaitwa Mann Gulch, kando ya mto Missouri. Chini wakaungana na mlinzi mmoja wa msitu, wakawa 16. Moto ulikuwa upande wa pili wa bonde, upande wenye miti, na wao wakawa wanateremka upande wa nyasi kwenda mtoni. Joto siku hiyo lilifika nyuzi 36 hivi. Upepo ukarusha cheche, moto ukaruka bonde, ukawa chini yao, kati yao na mto. Wakageuka kupanda. Nyasi kavu mpaka kiunoni, mteremko mkali, upepo nyuma ya moto. Yote matatu mliyoyasema hapa yalikutana dakika moja.

Kiongozi wao, Wag Dodge, aliona hawatafika juu. Akawasha kiberiti, akachoma nyasi za mbele yake mwenyewe, akaingia ndani ya majivu akalala kifudifudi. Akawaita wenzake. Hakuna aliyeelewa, walidhani amechanganyikiwa, wakaendelea kukimbia. Wawili walipata mpasuko kwenye ukuta wa mawe juu wakapenya. Dodge alipona palepale majivuni. Wengine 13 walikufa.

Huku kuna maabara inayochunguza moto wa misitu tu, na ni hapa mwaka 1972 Richard Rothermel alitoa hesabu za kukadiria kasi ya moto, ambazo bado zinatumika. Hesabu hizo zinaanza na mambo ambayo mama yangu kule Kivu angeyajua akiwa jikoni: kuni ni nyembamba au nene, mbichi au kavu, zimebanana au zimeachana, upepo unatoka wapi, jiko limeinama vipi. Wanagawa hata kuni kwa muda wa kukauka. Nyasi na vijiti vyembamba kuliko kalamu hubadilika kufuata hewa ndani ya saa moja hivi. Gogo nene kama paja huchukua zaidi ya mwezi. Ndiyo maana mvua ya jana si hoja kama leo mchana kuna jua na upepo. Nyasi zimeshaisahau.

Binti Machame

Kaka wa Missoula, pole kwa safari yote hiyo, na asante. Hawa vijana 13 nitawakumbuka.

Mgumu, nina swali langu la siku nyingi. Mfongo wetu, mfereji ule uliochimbwa na babu wa babu, zamani Septemba ulikuwa unapita maji mpaka kwenye migomba ya chini. Sasa zamu ya maji imekuwa ugomvi. Watu wanasema ni barafu ya Kibo kuisha. Wewe unasemaje?

mgumu_wa_marangu

Dada yangu, barafu inaisha kweli na inauma kuiona. Lakini maji ya mfongo wako mengi yanatoka kwenye ukanda wa msitu, kutokana na mvua na ukungu. Na hapa ndipo linaponikaa moyoni kuliko yote niliyoandika.

Ile erika yenye majani kama sindano, ukungu ukipita ndani yake unanasa. Kila sindano inashika tone, tone linadondoka, ardhi inakunywa. Ukisimama chini ya erika ndefu siku ya ukungu unalowa na mvua hainyeshi. Ukisimama kwenye nyasi hatua hamsini mbele, ukungu unakupita tu na kwenda zake. Sasa mti uleule unaotuvunia maji wakati wa mawingu ndio unaowaka kuliko yote mawingu yakikaa chini. Tukipoteza erika, tumepoteza kinasa maji, na mahali pake tumepata nyasi zinazovuta moto mwingine. Hatuoni kwa sababu kutoka barabarani mlima unaonekana uleule.

Mwl wa Jiografia

Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2016 ilitaja hekta kama 13,000 za msitu wa Kilimanjaro zilizopotea tangu 1976, hasa kwa moto, na ikalihusisha moja kwa moja na maji. Dada, mfongo wenu umo ndani ya hesabu hiyo.

Binti Machame

Nitamsomea baba jioni hii. Na je, tukikutwa juu na moto, tufanye nini? Mdogo wangu ameanza kubeba mizigo msimu huu.

mgumu_wa_marangu

Mwambie haya, na ayakariri.

Asipande kuukimbia kama kuna njia ya kwenda pembeni. Pembeni na chini, nje ya mstari wa upepo. Asiingie korongoni hata kama ndiyo njia fupi, wala asisimame kwenye shingo kati ya vilima viwili, upepo hubanwa hapo ukaongeza kasi. Atafute mahali palipokwisha kuungua na kupoa, au mawe matupu, au mchanga mtupu kama ule wa juu kuelekea Kibo ambako hakuna cha kuungua. Aangalie moshi kila wakati: ukisimama wima, upepo umetulia. Ukilala, ajue upande ulikolalia ndiko moto unakokwenda. Ukianza kuzunguka na kubadilika badilika, aache mzigo. Mzigo wa mgeni utalipwa, mwambie hivyo hivyo kwa maneno yangu.

Na jiko lake alimwagie maji na kuyakoroga majivu mpaka aweze kuweka kiganja juu yake akahesabu hamsini. Kama ni moto hafiki hamsini.

Nitapita Whona mwezi wa pili nikiwa na kundi. Nitapiga picha ya erika zinavyochipua pale, nizilete hapa mzione.